Fundi Aliyelitetea Daraja Lenye Paa

Mheshimiwa Diwani Sunita, Mchungaji wetu, Mama Henriette pamoja na watoto, ndugu wageni waalikwa: Bwana asifiwe.

Mimi ni Bethuel Mugo, mhandisi. Daraja hili la mtaa wa Washwood Heath, tunalolifungua tena leo, lilijengwa mwaka 1871, wafanyakazi wavuke mfereji kwenda kiwandani. Mafundi walipanga mihimili ya mwaloni kwa pembetatu, wakaishikanisha kwa vigingi vya mbao, bila msumari hata mmoja. Kisha wakaliezeka. Kwa nini daraja lipewe paa? Nilidhani ni ili wapita njia wasinyeshewe.

Ndugu zangu, miaka mitatu iliyopita niliandika ripoti kwamba mbao zimeoza, daraja libomolewe. Nililikagua nusu saa tu, mvua ikinyesha, nikiwa na haraka ya kurudi ofisini. Saini ile ni yangu.

Siku ya kuweka uzio ili tuanze kubomoa, alinifuata kibarua mmoja aliyeajiriwa kubeba vyuma: Séverin Aganze wa mtaa jirani wa Erdington, seremala tangu kwao Bukavu.

“Mukubwa,” akasema, “muti iko muzima. Ni paa njo imekufa.”

Nikamjibu kwa ukali, “Hiyo si kazi yako.”

Alichukua keekee, akatoboa mhimili mbele yangu, akanimiminia unga wa mbao kiganjani. Ulikuwa mkavu kabisa. Miaka yote ile paa lilikuwa likiikinga mihimili. Vigae vilipoanza kudondoka, maji yaliozesha sakafu tu. Nami niliiona sakafu, nikalihukumu daraja zima.

Nilirudi kwa wakubwa wangu, nikakiri kosa, nikaomba Séverin asimamie ukarabati. Alifanya kazi hapa majira mawili ya baridi, hata baada ya kuanza kuugua. Mwezi Machi nilimtembelea wodini. Aliniuliza, “Paa imeisha?” Nikamwambia bado safu moja ya vigae. Akafumba macho, akasema, “Musiharakishe.” Alifariki Jumapili iliyofuata.

Mama Henriette, mbele ya watu wote hawa, naomba radhi kwa maneno niliyomwambia mumeo siku ile. Yeye alinisamehe zamani. Mimi sikuwahi kukiri hivyo hadharani.

Safu ile tumeimaliza, taratibu. Sasa nakuomba utangulie kuvuka na wanao, nasi sote tutawafuata.

Kwa kunivumilia na kunisikiliza, nawashukuru nyote. Mungu awabariki.