Siku Nilipopeleka Alama ya Magogo Benki

Mwenyekiti wetu, wanakamati, na nyinyi wote mmeacha viazi shambani mkaja kukaa kwa hivi viti vigumu, hamjambo? Hiyo ni "hatujambo" ya watu wenye njaa. Sitawaweka sana, chai isije ikapoa.

Mnanijua. Na kama kuna mtu hapa Elburgon hanijui, akifika nyumbani aangalie paa lake, zile mbao ni zangu. Niliacha shule darasa la tatu, nikaanza kubeba mabanzi kwa mgongo kwenye viwanda vya watu. Leo nina kiwanda changu cha mbao, mashine mbili za kupasua, lori, na nyumba ya mawe ambayo hata fundi aliyeijenga huleta watu waione. Sikurithi hata msumari. Ndiyo, najisifu. Nani atanisifu kama nyinyi mmenyamaza?

Lakini katibu hakuniita nijisifu. Amesema kuna wanachama wanauliza kama mtu akiwa na ile kadi unajaza pesa kwanza ndio unatumia, bado anahitaji akaunti ya benki, ile yenye kitabu cha cheki. Na wengi mnauliza kwa sababu mlinisikia mimi nikisema haihitajiki. Nilisema hapa hapa, nimesimama, na sauti ikafika mpaka barabarani. Leo nimesimama tena niwaambie ilivyokuwa, na ile sababu yenyewe, ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Nilipoanza kupata kazi za maana, wateja wakubwa waliniambia nifungue akaunti ya cheki. Nikaenda Nakuru, nimevaa koti. Dada wa benki akanipa fomu, nikamwambia nimesahau miwani, akanijazia. Ndugu zangu, nawaambia mbele ya Mungu: mimi sina miwani. Sijawahi kuwa na miwani. Haya macho yanaona msumari uliozama ndani ya gogo. Kile kitu hayaoni vizuri ni herufi zikishikana.

Akaniambia, "Mzee, weka sahihi hapa." Sasa mimi nilikuwa nimeona sahihi za wakubwa, ya chifu, ya daktari. Nikasema yangu haiwezi kuwa ndogo. Nikazungusha kalamu, nikapanda, nikashuka, nikazungusha tena, nikamaliza na mkia mrefu ukatoka nje ya kisanduku. Ilikuwa sahihi tamu sana. Shida ilikuwa moja tu, sikuiweza tena.

Cheki yangu ya kwanza kubwa nilimpa mzee mmoja wa kule Bahati aliyeniuzia miti. Binti yangu aliijaza, mimi nikaweka mizunguko yangu. Baada ya siku chache mzee akafika kiwandani, vijana wakazima mashine wenyewe bila kuambiwa.

"Kijana, karatasi yako imerudi."

"Imerudi aje, na pesa iko?"

"Uliza benki yako. Mimi nimeambiwa sahihi si ya mwenyewe. Sasa nieleze, ni nani alikaa kwangu akanywa uji vikombe viwili, kama si mwenyewe?"

Nikaenda benki mbio. Yule dada akanipa karatasi nyeupe. "Mzee, hebu weka sahihi." Nikaweka. "Tena." Nikaweka. "Tena." Akaziangalia. "Mzee, hizi ni tatu, na zote tatu hazijuani." Nyuma yangu kwa foleni alikuwa mwenzangu mmoja wa biashara ya mbao, ambaye sitamtaja, na nitaomba asikohoe huko nyuma. Akasema, "Boss, hiyo ni sahihi ama unachora kona za barabara ya Mau?" Foleni yote ikacheka. Hata askari wa mlangoni.

Nikapiga meza. "Hii benki yenu inakula watu na makato! Nipeni pesa yangu yote, na mfunge hiyo akaunti!" Ndugu zangu, makato hayakuwa shida. Lakini mtu hatangazi aibu yake mbele ya foleni, anatangaza hasira. Mzee wa Bahati nikampelekea pesa yake taslimu siku hiyo hiyo. Akapokea amenuna, na uji sikupewa.

Wiki iliyofuata nikapata kadi. Kuna mama ana duka dogo la huduma za pesa pale mjini, akaniambia, "Baba, hapa hakuna mambo ya sahihi. Ni namba nne tu, unazikumbuka kichwani." Namba! Namba nazijua kuliko jina langu. Nikajaza pesa, nikanunua dizeli ya lori, nikanunua misumeno, nikabonyeza namba zangu nne kama mtu wa Nairobi. Haiwezi kukuingiza kwa deni, kwa sababu ikiisha imeisha. Ikiibiwa, mwizi anapata kile kilichomo tu, na hata hicho apate namba kwanza. Haya yote ni kweli mpaka leo, sikanushi.

Basi nikaanza kuhubiri. Tukienda kula nyama Lanet, naitoa, naigonga kwa meza: "Benki yangu iko kwa mfuko wa shati." Wawili wenu hapa mlifunga akaunti zenu kwa sababu yangu. Nitarudi kwenu, msijifiche.

Mtu mmoja tu hakunipigia makofi, na huyo ni mke wangu. "Baba watoto, na mtu akikulipa na cheki?"

"Cheki ni mambo ya wakoloni."

"Haya," akasema. Nyinyi mlio na wake mnajua hiyo "haya" ina uzito gani.

Ikaja kazi ya shule moja huko Bahati, mbao za paa la bweni jipya. Kazi kubwa kuliko zote nimewahi kufanya. Na wakati huo huo, yule mzee wa karatasi iliyorudi akaamua kuuza miti yake yote ya saipresi, shamba zima, miti imenyooka kama askari wa kambi ya Lanet siku ya gwaride. Mnakumbuka jinsi miti ya kupasua ilikuwa adimu. Bila ile miti, mashine zangu zingenyamaza, na vijana kumi na mmoja wangerudi kwao wakae.

Mzee akaniambia, "Nitakupa wewe kwanza, kwa sababu ukikata huniharibii shamba. Lakini pesa iingie kwa akaunti yangu ya benki. Mimi na hii miguu sitembei na gunia la pesa. Isipofika mwisho wa mwezi, yule mwenzako anachukua." Na mwenzako ni nani? Ni yule ambaye nimewaomba asikohoe.

Nikasema hakuna shida. Nikapeleka mbao za shule zote, nikijua nikilipwa nanunua miti. Mhasibu wa shule akanipa cheki, jina la biashara yangu limeandikwa vizuri, na mistari miwili imepita juu yake.

"Mistari ni ya nini?"

"Ni kwamba lazima iingie kwa akaunti ya hili jina, mzee. Haiwezi kutolewa pesa mkononi."

"Niandikie ingine, ya jina la shemeji yangu. Yeye ana akaunti."

Akaniangalia. "Kwani mbao zilikuwa za shemeji?"

Nikaenda kwa mama wa kadi. Akaigeuza ile cheki mbele, nyuma, akanirudishia. "Baba, kadi haimezi cheki."

"Na wakinipa taslimu?"

"Hiyo pesa yote haitaingia. Kadi iko na kipimo chake. Na hata ikiingia, hii kadi si ya kutuma pesa ya shamba kwa akaunti ya mtu."

"Sasa hiki kitu kinafanya nini?"

"Kinanunua vitu, baba. Hukuniuliza kama ni benki."

Na ni kweli, sikumwuliza. Nilisikia "hakuna sahihi" nikaacha kusikiliza.

Siku nne ndugu zangu, siku nne mfululizo nilivaa koti nikasema naenda benki kufungua akaunti upya. Nafika mlangoni, naona ile meza, naona watu kwa foleni. Nageuka. Na kwa sababu siwezi kurudi nyumbani mikono mitupu kama mtu aliyetembea bure, napitia dukani nanunua mkate. Mwezi ulikuwa umebaki siku kumi na mbili.

Siku ya nne nikapata mke wangu nyuma ya jikoni akimenya viazi, jua limewaka. Akaangalia ile karatasi ya mkate. Akaweka kisu chini.

"Baba watoto, huu ni wa nne. Nani anakula hii mikate yote?"

Nikakaa kwa kigoda. Nilitaka kusema makato. Nilitaka kusema foleni. Mdomo ukasema kitu kingine: "Mimi sina shida na benki. Nina shida na huu mkono. Wakiniambia niandike jina langu vile vile mara mbili, siwezi."

Nilingoja acheke. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nimeogopa hicho kicheko. Hakucheka. Alipangusa mikono kwa leso, akanishika shati, akanivuta mpaka uani kwenye magogo. Nyinyi wa mbao mnajua kila mwenye kiwanda ana alama yake, anaiweka kwa kichwa cha gogo na rangi ili lisichanganyike na la mwingine. Yangu ni mti uliosimama, matawi mawili upande wa kulia, na nukta chini.

"Hii nani ameweka?"

"Si ni mimi."

"Na ile?"

"Mimi. Unauliza nini, mama?"

"Hizi mbili ziko tofauti?"

"Ziwe tofauti aje? Hiyo naweka nikiwa nimefunga macho. Naweka mvua ikininyeshea. Mtu akiiga, nitamjua akiwa ng'ambo ya barabara."

"Basi hiyo ndiyo sahihi yako," akasema. "Ile ingine ulikuwa unaringa."

Ndugu zangu, mimi nimepigwa na gogo mgongoni nikasimama. Siku hiyo nilikaa chini juu ya unga wa mbao, nikacheka mpaka vijana wakakuja kuona kama nimepatwa na kitu.

Kesho yake nikafika benki mlango ukifunguliwa. Yule dada alikuwa pale pale. "Mzee, karibu. Leo umekuja na miwani?"

Nikamwambia, "Dada, mimi sina miwani. Kusoma ndio kunanishinda. Nisomee fomu polepole, nikuulize nisichoelewa." Hayo maneno yalikuwa mazito kuliko gogo lolote nimebeba. Yeye akavuta kiti karibu, akanisomea yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini. Tukafika kwa kisanduku. Nikachora mti wangu.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni mimi."

Akaenda kuuliza mkubwa wake. Nikawa nahesabu vigae vya sakafu. Akarudi. "Inakubalika, bora iwe ile ile kila wakati. Na tutachukua kidole pia. Weka tena." Nikaweka. "Tena." Nikaweka. Akazilaza kando kando, akaanza kutabasamu. "Mzee, ni kama umepiga muhuri."

Akaunti ikafunguka, kwa jina la biashara yangu. Cheki ya shule ikaingia, ikakaa siku zake, ikakubali. Nikatuma pesa kwa mzee wa Bahati siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Jioni akanipigia simu. "Kijana, imefika. Nimengoja nione kama itarudi. Haijarudi. Kuja unywe uji." Ile miti niliipasua yote mimi, na vijana wangu wako kazini hata sasa, mnasikia mashine mkipita.

Sasa jibu la swali. Kadi sikuitupa. Dereva wangu anaenda nayo kuweka dizeli, na siwezi kupata hasara kubwa kuliko nilichojaza. Kama wewe pesa yako inakuja kwa simu, kidogo kidogo, na unataka tu kujizuia usitumie ovyo, kadi inakutosha, lakini uliza kwanza wanakata ngapi ukijaza na ukitoa. Lakini kama kuna shule, hoteli, mkandarasi atakulipa kwa cheki, kama utanunua shamba au miti, kama siku moja utataka mkopo na benki iulize pesa yako imekuwa ikipita wapi, kadi haitakusimamia. Mimi nilisema itakusimamia. Nilisema uongo kwa sauti kubwa, kwa sababu niliona aibu kusema ukweli kwa sauti ndogo.

Nyinyi wawili mlionifuata, nawaomba msamaha mbele ya watu. Jumatatu asubuhi lori yangu inaenda Nakuru, dizeli yangu, chai yangu, twende mkafungue zenu. Na kama kuna mwingine hapa ambaye amesahau miwani miaka ishirini, aje anione pembeni. Sitauliza kitu. Kuna nafasi kwa lori.

Namshukuru yule dada wa benki, aliyevuta kiti. Namshukuru mzee wa Bahati, aliyenipa nafasi ya pili na akangoja. Mwenzangu wa kukohoa namshukuru pia, bila yeye nisingekuwa na hadithi. Na mke wangu, pale kwa safu ya tatu anajifanya anatafuta kitu kwa mkoba: mama, mikate imeisha, na mimi nimepona.

Msipige makofi bado. Miaka yote, kwa kile kitabu cha mahudhurio pale mlangoni, katibu amekuwa akiniwekea tiki kwa sababu ya miwani. Leo nimefika kabla yake. Mkienda kwa chai, tazameni mstari wa kwanza. Ule mti mdogo wenye matawi mawili na nukta, huyo ni mimi.