Gauni la Mwisho la Lagimaina Tuiasau

Marehemu Lagimaina Tuiasau alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 kijijini Salelologa, kisiwa cha Savai'i, Samoa, mtoto wa nne wa mzee Tuiasau na mama Sieni. Alisoma shule ya misheni hapo hapo hadi darasa la nane. Aliacha, alisema mwenyewe, kwa sababu hesabu zilimshinda. Wateja aliokuja kuwapima na kuwashonea hawakuwahi kuliamini hilo.

Mwaka 1976 alikwenda Auckland, akaajiriwa kushona nguo za wacheza dansi. Huko alijifunza kuchora patani, ile karatasi ya kukatia kitambaa, ya gauni la kubana, la kitambaa cha kuvutika. Alifunga ndoa na Pesamino Leota mwaka 1983. Hawakujaliwa mtoto, wakamlea Fuatino, binti wa Iosefa, kaka yake Lagimaina.

Alirudi Samoa mwaka 1991 na kufungua chumba cha ushonaji Vaitele, pembezoni mwa mji wa Apia. Sisi hapa tukishona tunaacha nafasi ya kunenepa, maana sherehe zetu mnazijua. Patani ya Lagimaina ilikuwa kinyume: aliichora ndogo kuliko mwili, kitambaa kikamalizia kwa kuvutika. Fuatino alihangaika sana kulielewa hilo. Gauni lake la kwanza lilikuwa la mke wa mchungaji.

"Fua, mbona umemvika chandarua?"

"Nilimwachia apumue, shangazi."

"Atapumua akifika nyumbani. Punguza."

Mke wa mchungaji mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Februari mwaka huu Lagimaina aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, nayo ilikuwa imeshasambaa. Hakuomba mengi. Alitaka gauni jeupe la kubana, patani achore Fuatino. "Nimewabana wanawake wa Apia miaka yote hiyo," alisema. "Msinizike kwenye gunia."

Fuatino alimpima, akachora. Kabla hajakata kitambaa, mwili ulikuwa umepungua. Akachora upya, ukapungua tena. Mara ya tatu, Lagimaina aliomba ile karatasi kitandani, akapitisha kidole ubavuni.

"Hii nini tena?"

"Nafasi, shangazi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kunenepa."

Alimrudishia karatasi. "Ikate, mwanangu. Huko sirudi."

Fuatino aliitikia, lakini nafasi hakuikata. Alilishona gauni na nafasi yake, akaendelea kumpikia supu ambayo haikushuka kooni.

Lagimaina alifariki nyumbani Vaitele, Jumatano tarehe 9 Agosti 2023. Walipomvalisha, gauni lilimpwaya mabegani, kifuani na kiunoni. Limebanwa kwa pini mgongoni, na kwa mbele linaonekana sawa. Yeye asingedanganyika.

Ameacha mume wake Pesamino, kaka yake Iosefa, na Fuatino, ambaye amesema hatachora tena. Mtatuwia radhi, jeneza halitafunguliwa: Fuatino ameomba hivyo. Bwana ampokee kama alivyo, na ampumzishe.