Mama Léontine na Mioyo ya Wachezaji Wetu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kufunga bandeji, kupima homa na kugombeza watu wazima, Mama Léontine Uweka, muuguzi wa klabu yetu ya AS Shari hapa Bunia, anastaafu.

Alitufikia kutoka Bambu, alikokuwa akitibu wachimba dhahabu, na pengine ndiyo sababu hakuogopa mtu. Mchezaji aliyejilaza chini ili kupoteza muda alimwona Mama akija na sindano kubwa, akapona papo hapo. Marefa walimpenda kwa hilo. Safari moja ya Nia-Nia gari letu lilikwama kwenye matope. Ni yeye aliyetushusha sote tusukume, kocha akiwemo, huku akiendelea kutafuna karanga zake.

Kazi yake kubwa ilianza siku ya huzuni. Katika mechi ya nyumbani, beki wetu Yves alianguka bila kuguswa na mtu. Wengine jukwaani walicheka, wakidhani anaigiza. Mama hakungoja ruhusa ya refa. Alikimbia, akapiga magoti, akamkandamiza kifua bila kupumzika hadi hospitali. Yves hakuamka. Moyo wake ulikuwa umesimama ghafla, na hatukuwa na mashine ya kuushtua.

Baada ya mazishi, Mama aliiambia kamati kwamba hakuna atakayevaa jezi kabla moyo wake haujapimwa. Kamati ilinung'unika. Yeye akabisha hodi kwa madaktari, makanisani na msikitini, hadi mashine ya kushtua moyo ikawekwa kando ya kiwanja, na kila mwanzo wa msimu wachezaji wote wakapimwa mapigo ya moyo.

Mwaka wa pili kipimo kikamnasa Gauthier, mfungaji wetu bora, mtoto wa Iga Barrière. Daktari alikuta msuli wa moyo wake umenenepa kupita kiasi. Kucheza kungeweza kumuua. Ilikuwa wiki ya fainali. Mashabiki walipiga kelele getini, kocha akaomba Gauthier aruhusiwe kucheza kipindi kimoja tu. Gauthier alilia mbele yetu.

«Mama, mupira njo maisha yangu! Weye iko unaniua!»

«Kasirika, mutoto wangu,» Mama akamjibu. «Mi nataka ukasirike ukiwa muzima.»

Gauthier hakucheza, nasi tulishindwa fainali. Msimu mzima Gauthier alipita mbele ya Mama bila kumsalimia. Mama alimsalimia yeye, akamsindikiza kwa daktari, akampelekea dawa nyumbani. Kisha asubuhi moja Gauthier alikuja mwenyewe, akaketi kando yake kwenye benchi, akamwomba amfundishe namna ya kukandamiza kifua cha mtu aliyeanguka.

Leo Gauthier ni kocha wa timu yetu ya vijana. Mwezi uliopita mzazi mmoja alimbembeleza amchezeshe mwanawe kabla ya kupimwa. Gauthier alikataa, kwa sauti ya upole isiyorudi nyuma. Mama Léontine, aliyekuwa akikunja bandeji pale karibu, aligeuza uso akajifuta macho.

Aksanti sana, Mama. Nenda ukalime maharagwe yako, ucheke na wajukuu, ulale mchana bila kuamshwa na simu. Sisi sote wa AS Shari tunakuombea afya, amani nyumbani, na miaka mingi mitamu.