Mama Mifupa na Simba wa Ghala la Magodoro

Shwii. Shwii. Shwii. Huo ni mlio wa kisu kikinolewa jikoni saa kumi na moja alfajiri, taa ikiwa bado haijawashwa. Wasikilizaji wapendwa, watoto watatu wa nyumba hiyo hawakuwahi kuhitaji saa ya kuwaamsha. Mama akinoa kisu, kumekucha.

"Ukimwambia mama, washa taa utajikata," anasema binti yake mkubwa, "anakujibu, we lala, mkono unaona."

Jioni hii tunamkumbuka mama huyo. Alikuwa muuza nyama. Mji mzima ulimwita Mama Mifupa. Ametuaga wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na minne, baada ya kusumbuliwa na moyo kwa muda mfupi. Tunamkumbuka muuza nyama aliyetufanya tuwe na sheria ya simba. Ndiyo, umesikia vizuri. Sheria ya simba.

Shika leso yako kama unataka, lakini nakuonya, utacheka kwanza.

Turudi nyuma miaka kumi na minne. Bucha lake lilikuwa chumba kimoja chenye vigae vyeupe, ndoano sita, na gogo la kukatia lililobonyea katikati. Kila asubuhi dereva wa pikapu alisimama mlangoni na kuagiza kitu kilekile. "Minofu mitupu, mama. Hata chembe ya mfupa isiwemo."

Mama Mifupa akajiambia, kwa tajiri wa huyu kijana kuna bikizee asiye na meno. Na bikizee mwenyewe anakula, jamani. Basi kila siku akawa anatuma salamu. "Msalimie bibi. Mwambie asijali, hata kwa ufizi itashuka." Dereva alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, wala hakumsahihisha. Miezi mitatu salamu zilikwenda.

Siku moja dereva aliugua. Mama Mifupa akafunga bucha, akaipeleka nyama mwenyewe. Ilikuwa ni kwa muuza magodoro, mtu mnene, mpole, ambaye watu humwita Bwana Godoro. Alimpitisha hadi nyuma ya ghala. Huko, juu ya godoro jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni yake, alikuwa amelala simba jike wa miezi saba. Jina lake Kidosho.

"Bibi mwenyewe alikuwa na meno kunishinda," Mama Mifupa alipenda kusimulia.

Bwana Godoro alimnunua Kidosho akiwa kitoto, kwa mtu aliyeuza watoto wa simba kama paka. Alimpenda. Hilo naomba lisipotee, wasikilizaji: alimpenda kweli. Alimnyonyesha kwa chupa. Alimchana manyoya. Zamani mbwa wake alikwamwa na mfupa kooni akafa, kwa hiyo aliapa Kidosho hataonja mfupa maisha yake yote. Kila kipande cha nyama alikipapasa kwanza kwa vidole vyake.

Lakini Mama Mifupa hakuangalia mapenzi. Aliangalia miguu. Miguu ya mbele ilipinda kwa nje. Kidosho alijaribu kushuka kwenye godoro, godoro la inchi sita tu, akaanguka kwa kidevu.

"Mvivu huyu," Bwana Godoro akasema, akitabasamu. "Nimemdekeza."

"Kaka yangu, huyu si mvivu. Mimi nimekata mifupa miaka ishirini. Huyu mifupa yake haipo sawa."

Aliondoka, akarudi na daktari wa mifugo, yule anayepiga mihuri kwenye nyama machinjioni. Daktari alipapasa miguu taratibu. Alieleza hivi: simba porini hali minofu mitupu. Anakula na mifupa, anakula na maini. Akinyimwa mifupa angali anakua, miguu inalainika kama karoti iliyolala juani. Daktari akaagiza mifupa, jua, na uwanja wa kukimbia. Kisha akaongeza la mwisho. Mwaka mmoja zaidi, na ghala hili halitamtosha.

Mifupa ilipatikana siku hiyohiyo. Uwanja haukupatikana. Mama Mifupa akaenda kwa afisa wa wanyamapori kuuliza sheria inasemaje. Afisa alifungua faili, akasoma, akavua miwani. Mbwa anahitaji leseni na chanjo. Mbuzi wa mjini anahitaji kibali. Kumuua simba ni kosa kubwa. Kumweka simba nyuma ya nyumba? Kimya. Hakuna aliyewahi kuandika.

"Basi iandikwe," Mama Mifupa akasema.

Mumewe, fundi cherehani, anacheka akikumbuka. "Mke wangu alilala muuza nyama, akaamka wakili. Chakula cha jioni tulikuwa tunakula na vifungu."

Alizunguka ofisi hadi ofisi kwa aproni yake. Hatimaye baraza la mji likaitisha kikao cha kukusanya maoni. Ukumbi ulijaa. Bwana Godoro alikuja kupinga. Alivaa suti. Alisema Kidosho ni mwanawe, akimtoa atadhani ametupwa. Watu wengine walimpigia makofi, na mimi sitawalaumu.

Mama Mifupa alisimama. Hakuwa na karatasi. Alimgeukia Bwana Godoro, si baraza.

"Kaka yangu, miguu inanyooka, sote tunafurahi. Mwakani atakuwa na kilo mia. Atakaa wapi? Nitajie chumba."

"Ghala."

"Ghala lina wateja. Nitajie chumba."

"Gereji."

"Giza tupu. Nitajie chumba, kaka."

Walioketi karibu na Bwana Godoro wanasema alikuwa akihesabu kwa vidole: sebule, stoo, ua. Mwishowe akasema polepole, "Hakuna chumba." Akafuta uso. "Hiyo sheria ikija, mniandike mimi wa kwanza."

Na aliandikwa wa kwanza. Sheria ilipita baada ya miezi kumi na mmoja. Inasema hivi, nami nairudia kwa faida ya wote. Hakuna kununua, kuuza wala kuzalisha simba, chui au duma majumbani. Aliyenaye amwandikishe, daktari ampime. Na anayemleta kwa hiari hashtakiwi. Kifungu hicho cha mwisho kilikuwa cha Mama Mifupa mwenyewe. "Mkiwatisha, watawaficha," aliwaambia. Waliletwa simba wanne, chui wawili, na duma mmoja aliyekuwa akilala bafuni, hata familia nzima ikawa inakwenda kuoga kwa jirani.

Kidosho alihamishiwa kituo cha kulea wanyama, nje ya mji, penye eneo pana lililozungushiwa uzio. Mama Mifupa alipeleka mifupa huko kila Ijumaa, hadi mwaka huu. Bwana Godoro ndiye aliyekuwa akimwendesha, wakibishana njia nzima.

Kwa mume wake, kwa watoto wake watatu, kwa wajukuu, na kwako Bwana Godoro, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nasi tuliobaki, tukitaka kumchukua kiumbe yeyote kwa sababu ni mzuri na tunampenda, tujiulize alichouliza muuza nyama huyu. Tutaje chumba. Tukikosa, tuwe na moyo wa kusema tumekosa.

Jumamosi, siku nne baada ya mazishi, familia ilikwenda kituoni. Kidosho alikuwa amelala kivulini, mzee sasa. Bwana Godoro alimwita. Aliinua kichwa, akamtazama, akapiga miayo. Kisha akasimama. Miguu ya mbele imepinda kidogo hadi leo, lakini ilimbeba vizuri. Alipita kwenye nyasi ndefu, akapanda jiwe, akashuka upande wa pili bila kugeuka nyuma. Bwana Godoro alikuwa akifuta macho huku anacheka. Mjukuu wa miaka mitano, aliyebebwa mabegani na babu yake, ndiye aliyekuwa akiona mbali kuliko wote.

"Simba anaenda zake," akasema.