Jalada la Wema: Risala ya Wazazi wa Darasa la Sita

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mwalimu mkuu na walimu wote. Wazee wetu, shikamooni. Wazazi wenzetu, mabibi na mabwana.

KARIBU KWETU

Sisi wazazi wa darasa la sita tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa nje kidogo ya Kagongwa. Tunajua umekuja kuzindua jengo jipya la ofisi, na hatukusudii kukuharibia siku. Lakini jana rasimu ya risala hii iliporudishwa kwetu kutoka ofisi ya shule, kipengele cha changamoto kilikuwa kimekatwa kwa kalamu nyekundu. Tulikaa, tukakubaliana tukisome.

HISTORIA NA MAFANIKIO

Shule ilianza na madarasa mawili ya tope tuliyojenga wenyewe. Leo yapo tisa, pamoja na jengo hili tulilolisombea mchanga na maji. Walimu wanajitahidi. Kwa hayo tunashukuru.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tunayo moja tu.

Wema alikuwa binti wa Nyamizi, yule aliyeketi upande wa akina mama, mwenye kitenge cha bluu. Alikuwa na kifafa. Alipoingia darasa la tano, mama yake alijaza fomu ya afya: binti huanguka, hujikojolea, asiachwe peke yake karibu na moto au maji. Aliyaandika yote kwa sababu aliambiwa ni siri ya ofisi.

Mwezi wa pili mwaka huu stoo ya shule ilivunjwa kupisha ujenzi, na makaratasi yaliyokuwamo yakauzwa kwa kilo. Hozefa, mwenye duka pale Kagongwa, aliyanunua ya kufungia karanga bila kujua ni ya nini. Alipoelezwa, alirudisha gunia lililobaki, akaomba radhi. Fomu ya Wema haikuwamo. Ilikuwa imeshafungia karanga, na wanafunzi walishaisoma kwa sauti wakati wa mapumziko.

Siku hiyo Wema alirudi nyumbani mapema.

"Mama, ulisema atajua mwalimu peke yake."

Binti hakurudi tena darasani. Mama yake alikwenda ofisini kuuliza ni karatasi gani nyingine za mwanawe zimetoka, akaomba aonyeshwe jalada.

"Mama, mafaili ni siri ya ofisi," aliambiwa. "Mzazi haruhusiwi."

Mara ya pili alikwenda na Bartholomeo, mwenyekiti wetu, ambaye ndiye anayekusomea risala hii. Jibu lilikuwa lile lile.

Mwezi wa nne Wema alianza kwenda mwaloni, wanakooshea mchanga wa dhahabu, kwa kuwa kule hakuna aliyemjua. Basi hakuna pia aliyejua kwamba haachwi peke yake karibu na maji. Alianguka kwenye bwawa la kina cha magoti. Waliokuwa jirani walidhani ameinama kuokota kitu.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

MAOMBI

Tumesikia redioni kwamba ipo sheria ya kulinda taarifa za mtu. Tunaomba ifike na huku. Mzazi akiomba kuona kumbukumbu za mwanawe, aonyeshwe. Akikuta kosa, lirekebishwe. Karatasi za zamani zichomwe mbele ya kamati, zisiuzwe.

Ombi la mwisho ni la Nyamizi. Baada ya matanga alirudi ofisini mara ya tatu. Ndani ya jalada imo picha ya Wema ya siku alipoandikishwa shule, na nyumbani hawana nyingine. Aliambiwa aandike barua. Ameandika, hajajibiwa. Jalada limo kwenye kabati la chuma, ndani ya jengo hili. Tunaomba, kabla hujakata utepe, uagize kabati lifunguliwe.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa wanao.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Darasa la Sita