Hatari za Kambi ya Anatoli

Pale njia panda ya Mbuba, ubavuni mwa duka la vipuri ambalo mwenyewe alihamia Kahama na funguo zake, kuna benchi la ubao mzito lililokalia matairi mawili ya lori. Hapo ndipo Deodata anapochemsha kahawa, na hapo ndipo mambo ya dunia hupangwa upya kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Leonidas, ambaye kila mtu anamwita Breki kwa sababu aliendesha malori mpaka Kigali na bado anasimulia kila mteremko, hukaa upande wa barabara. Idefonsi, aliyebatizwa Ushahidi tangu alipokuwa mjumbe wa baraza la kata, hukaa upande wa ukuta, na kinywani mwake r na l hubadilishana viti zinavyotaka. Katikati yao, siku hiyo, alikaa Anatoli, na kahawa ilikuwa inampoa mkononi.

Haikuwa bure. Anatoli alikuwa amefyeka migomba ya marehemu mama yake, yote, akasawazisha shamba, akachimba choo, akavuta maji, akasimamisha kibao kilichoandikwa KAMBI. Alitaka watalii wanaoingia kupitia mpaka wa Rusumo na yale magari yenye kitanda na jiko ndani, ambayo kijiwe kiliyaita nyumba-gari, walale kwake. Kampuni inayowaleta ilikubali, ila kwa sharti moja: kambi iwe na bima. Bila bima, hakuna hata gari moja. Na mkewe Priscila, aliyelia kama msibani siku migomba ilipoanguka, alikuwa bado anamuuliza kila jioni wageni wako wapi. Leo afisa wa bima alikuwa njiani, na alishasema kwa simu atauliza kambi ina hatari gani. Anatoli hakujua ajibu nini.

— Sema hakuna, alishauri Idefonsi. Hatali hakuna hata moja. Nani atakatia bima mahali penye hatali?

— Kama hakuna hatari, bima ya nini sasa? aliuliza Leonidas. Utamwita fundi wa paa wakati huna nyumba?

— Na akizitaja nyingi je? Si huyo afisa atageuza pikipiki pale pale? alidakia Idefonsi.

— Ndiyo hapo ninapokwama, alisema Anatoli. Nikizitaja nimejinyima, nikizificha nimejinyima.

— Ukweli nusu, alitoa hukumu Deodata, akipuliza mkaa. Taja zenye heshima.

Kila mmoja akaanza kutafuta hatari yenye heshima.

— Breki, alisema Leonidas, kama mtu aliyekuwa anaisubiri zamu yake. Shamba lako lina mteremko, usikatae. Mzungu kalala fofofo ndani ya nyumba-gari. Breki ya mkono inaachia. Gari linashuka polepole, taa zimezimwa, yeye anakoroma. Anaamka yuko Burundi, pasipoti haijagongwa. Nani analipa?

— Mpaka uko mbali, Breki! alisema Deodata.

— Mteremko haujui mbali. Mimi niliwahi kushuka...

— Hapana, hapana, Kigali leo hatuendi, alimkata Idefonsi. Tuje kwenye ushahidi. Hatali ni nyuki. Watalii wanajipaka manukato, kweli si kweli? Nyuki wanafuata maua. Wanaingia kwenye gali, wanajenga humo humo, asubuhi gali linaondoka nao. Mwenye mzinga atamshitaki nani? Anatoli! Wizi wa nyuki.

— Wizi wa nyuki! alirudia Leonidas.

— Kesi hiyo ningeipokea mimi mwenyewe barazani.

Anatoli alitaka kucheka, lakini alijikuta anairudia moyoni ili asiisahau. Breki. Nyuki. Ukiwa na shida, hata porojo unaishika kama dawa.

— Halafu kuna ile bima ya mtu wa tatu, alisema Leonidas. Ni lazima uielewe kabla afisa hajaja. Kwenye malori tulikuwa nayo. Wewe ni mtu wa kwanza, kampuni ni mtu wa pili, mtalii ni mtu wa tatu. Akiumia, analipwa.

— Na mkewe? aliuliza Deodata.

— Mkewe ni wa nne.

— Wa nne halipwi?

Leonidas akanywa kahawa taratibu sana.

— Inategemea kalala upande gani, alisema.

— Basi mimi nawaambia hatari kubwa kuliko zote, alisema Deodata. Mtalii akinogewa. Anakuja kwa siku mbili, anaonja maharage ya Priscila, anang'oa matairi. Anataka kiwanja, anataka kuoa. Mtamtoaje? Bima inamtoa mtu aliyenogewa?

Walikuwa bado wanagombana juu ya mahari ya huyo mtalii pikipiki iliposimama. Alishuka binti mwenye kofia ngumu kichwani na mkoba mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope.

— Shikamooni.

— Marahaba, marahaba.

— Naitwa Kezia, natoka bima. Namtafuta mzee Anatoli.

Anatoli akasimama, akakaa, akasimama tena. Idefonsi akasogea kumpisha mgeni. Deodata akaosha kikombe, akajimiminia kwanza yeye kwenye kikombe chake kidogo kutoka birika lile lile, akanywa, akatulia, ndipo akammiminia Kezia.

— Mama, ulikuwa unaangalia kama imeiva? aliuliza Kezia.

— Natoa sumu, mwanangu. Kwetu mgeni hapewi kitu mwenyeji hajatangulia kukinywa. Urwarwa wetu, pombe ya ndizi, tunautoa sumu hivyo, na kahawa yangu hivyo hivyo. Kama kuna baya, linipate mimi kwanza.

Kezia akaangalia kikombe, akanywa, akasema ni nzuri. Kisha akamgeukia Anatoli.

— Mzee, nimepita kambini kwako kabla ya kuja hapa. Nimeona choo, nimeona maji. Sasa niambie hatari zake.

Anatoli akafungua mdomo ataje zenye heshima. Hakuwahi. Breki alishamtangulia na Burundi, Ushahidi akamfuata na nyuki, Deodata akapachika harusi katikati, na kila mmoja alikuwa anaapa. Kezia alisikiliza yote bila kukatiza. Alionekana kupendezwa kabisa, hasa na nyuki. Walipoishiwa pumzi, akauliza kwa upole:

— Na usiku pakoje pale?



— Usiku... pametulia, alisema Leonidas.

— Upepo unatokea wapi? Ukitoka kwenda choo gizani unapita wapi? Kuna mnyama anapita? Ule mkaratusi uliolalia upande wa magari, unalia usiku au hapana?

— Ushahidi wa hilo... alianza Idefonsi, akakohoa.

— Nani kati yenu amewahi kulala pale? aliuliza Kezia.

Kijiwe chote kikageukia vikombe. Lori lilipita likielekea Rusumo na hakuna aliyelipungia. Anatoli alikuwa anakiangalia kikombe kidogo cha Deodata, kile alichoonjea, kimelala kando ya birika. Miaka yote amewatolea sumu wageni nyumbani kwake, kwenye harusi na kwenye misiba, hajawahi kusahau hata akiwa amelewa. Na hapa alitaka watu wa nchi za mbali wafumbe macho mahali ambapo yeye mwenyewe hajafumba. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Hakuna, alisema. Hata mimi.

Kezia hakumkatalia bima.

— Nalala kwa shangazi hapa hapa Mbuba, alisema akivaa kofia. Kesho asubuhi nitapita kambini na swali moja tu, mzee. Nitakuuliza umeamkaje.

Pikipiki ikaondoka. Anatoli akageuka kwa wenzake, mmoja mmoja.

— Haya, tunalala wangapi?

Leonidas akakumbuka mgongo wake. Idefonsi akasema tatizo si woga, tatizo ni nyuki. Deodata akainua birika, akalitikisa, likasikika bado limejaa.

— Kahawa imeisha, alisema. Nendeni. Anatoli, wewe jioni pita kwangu uchukue blanketi la kulalia kambini.