Mguu Haukuwa Wangu

Basi lilipoondoka Nyambureti, Shaaban, fundi cherehani, alisikia mama mmoja mnene wa kiti cha mbele akimsema jirani yake aliyefungwa kitambaa kidoleni. "Sindano ikuchome mpaka ikatikie ndani! Ulikuwa unaangalia wapi, dada?"

"Nilikuwa naiangalia hiyohiyo sindano. Mguu ndio haukuwa wangu." Kijijini kwao cherehani ni moja, akaeleza, na wanashona mablanketi yaliyojazwa pamba. Ni mazito, kwa hiyo mmoja anakanyaga pedeli, mwenzake anasukuma kwa mikono miwili. "Ndiyo ujamaa, mama."

Shaaban akaguna. Yeye akishona, hata mkewe haruhusiwi kugusa pedeli.

"Ujamaa ni wa jembe," mama akasema. "Jembe la mwenzako unaliona likija."

"Blanketi ntalisukumaje peke yangu? Hospitali wakiitoa hii ncha narudi kazini, ila safari hii nakaa kwenye pedeli."

"Na mikono itakuwa ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

Basi likasimama Bomani. Yule dada akashuka ngazi polepole, kana kwamba chini ya unyayo wake kuna mkono wa mtu.